Kabla ya Kutoa Mkono: Mambo ya Kuzingatia Unapokwenda Kupima Virusi Kwenye Damu

Mtu akisema "nakwenda kupima damu", swali la kwanza la kumuuliza ni: kupima nini? Hakuna chupa moja ya damu inayopelekwa maabara ikarudi na orodha ya virusi vyote ulivyonavyo. Kila kipimo huuliza swali moja, tena jembamba, na damu hujibu hilo tu. Aliyepima VVU akaambiwa hana, hajaambiwa lolote kuhusu homa ya ini, hata kama damu ni ileile na imetolewa siku ileile. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, fahamu jina la kirusi unachokwenda kupima, na kama hujui, andika kinachokupa wasiwasi ili mhudumu akuchagulie kipimo.

Jambo la pili watu wengi hulijua wakiwa tayari wameshika majibu na mikono inatetemeka. Vipimo vimegawanyika makundi mawili. Vipo vinavyomtafuta kirusi mwenyewe, ama vinasaba vyake ama vipande vya mwili wake viitwavyo antijeni. Na vipo vinavyotafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili umeziacha baada ya kupambana naye. Kundi la kwanza linakwambia mgeni yumo ndani. La pili linakwambia aliwahi kubisha hodi, na huenda bado yupo au alishaondoka. Homa ya ini aina ya C ndiyo huwachanganya watu zaidi. Aliyetibiwa akapona kabisa, au aliyepona mwenyewe bila dawa, anaweza kubaki na kingamwili zake miaka mingi, mara nyingi maisha yote. Akipimwa kingamwili leo atatoka chanya, na kesho pia. Kinachoamua kama bado anaumwa ni kipimo cha vinasaba vya kirusi. Basi ukiandikiwa kipimo, uliza bila aibu: hiki kinamtafuta kirusi au kingamwili?

(Kumbukumbu ya damu ni ndefu ajabu. Mwaka 2015 timu ya mtafiti Stephen Elledge wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ilichapisha njia iitwayo VirScan, ambayo kwa tone moja la damu husoma kingamwili za aina 206 za virusi vinavyompata binadamu. Walipima watu 569 kutoka Marekani, Peru, Thailand na Afrika Kusini, na wastani ulikuwa takriban aina kumi kwa kila mtu. Ni chombo cha utafiti hicho, usiende kukiulizia dirishani.)

Sasa tarehe. Kama kuna kitu kimoja cha kuandika kwenye karatasi, kiwe hiki: siku unayodhani ulikutana na maambukizi. Kirusi kikiingia leo, kipimo cha kesho hakitakiona. Katikati kuna siku ambazo mtu ameambukizwa, pengine anaweza kuambukiza wengine, na majibu yake yanasema hana kitu. Huitwa kipindi cha dirisha, na urefu wake hutegemea kipimo. Kwa VVU, kipimo cha vinasaba huweza kugundua maambukizi kati ya siku 10 na 33 baada ya tukio. Kipimo cha maabara kinachotafuta antijeni pamoja na kingamwili kwa damu ya mshipa huchukua siku 18 hadi 45. Vipimo vya haraka vya kingamwili pekee, vikiwemo vya kujipima nyumbani, huchukua siku 23 hadi 90. Ndiyo maana mtu aliyejipima wiki moja baada ya tukio hajapima wiki hiyo. Amepima maisha yake ya nyuma. Na kama tukio lina chini ya saa 72, usisubiri dirisha lolote: nenda leo ukaulize dawa za PEP, yaani za kuzuia VVU baada ya kukutana navyo, maana zikichelewa zaidi ya hapo hazitolewi.

Kwa homa ya ini aina ya B, antijeni ya ganda la kirusi huonekana kwa wastani wiki nne baada ya kuambukizwa, ingawa inaweza kuwa mapema au kuchelewa hadi wiki tisa. Homa ya dengi, inayoenezwa na mbu, huenda kinyume. Hapo kirusi na antijeni yake huonekana siku za mwanzo za homa, kisha hupungua, na kingamwili ndizo huanza kupanda. Mgonjwa aliyevumilia homa siku nane halafu akapimwa antijeni peke yake anaweza kurudishwa nyumbani na jibu la "huna", wakati amechelewa tu. Kwa homa, basi, hesabu siku tangu ilipoanza na umwambie mhudumu idadi hiyo kabla hajauliza.

Beba pia habari ya vilivyoingia mwilini mwako. Kadi ya chanjo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Aliyechanjwa homa ya ini B hutoka na kingamwili za ganda peke yake. Aliyewahi kuugua huwa pia na kingamwili za kiini cha kirusi. Bila kadi, mtu hutishwa na jibu ambalo kwa kweli ni habari njema ya chanjo yake. Tena ukipimwa siku chache tu baada ya sindano hiyo, antijeni ya chanjo yenyewe inaweza kuonekana kwenye damu kama maambukizi. Taja kama uliongezewa damu hivi karibuni, kwa kuwa kingamwili za aliyeitoa zinaweza kukaa kwako kwa muda. Taja PEP, au PrEP (dawa za kujikinga na VVU kabla ya kukutana navyo), ambazo huweza kuchelewesha kingamwili. Taja hata vidonge vya nywele na kucha: vingi vina vitamini iitwayo biotini kwa wingi, na biotini huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara. Anayetumia ARV naye asijipime upya ili kuona "kama virusi vimeondoka". Dawa zinaweza kufifisha kingamwili hadi kipimo cha haraka kikadanganya, huku kirusi kimejificha palepale. Mtoto wa chini ya miezi 18 aliyezaliwa na mama mwenye VVU hupimwa vinasaba, kwa sababu kingamwili alizonazo zinaweza kuwa za mama.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa ndipo hesabu ya jamii inapoingia kwenye majibu ya mtu mmoja. Chukua kipimo kizuri sana, kinachopatia mara 99 katika 100 kwa wenye kirusi, na vivyo hivyo kwa wasio nacho. Pima watu 10,000 mahali ambapo asilimia 1 wameambukizwa. Wenye kirusi ni 100, kipimo kitawakamata 99. Wasio nacho ni 9,900, na kipimo kitawasingizia 99. Yaani nusu ya walioambiwa wanacho, hawana. Shusha maambukizi hadi mtu mmoja katika 1,000, na waliosingiziwa watakuwa takriban kumi kwa kila mmoja wa kweli. Kipimo hakijabadilika, kilichobadilika ni watu waliopimwa. Kwa sababu hiyo, Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linataka vipimo vitatu tofauti vikubaliane kabla mtu hajaambiwa ana VVU. Jibu la kwanza la chanya likija, usiondoke kituoni kabla ya kuuliza kipimo cha uthibitisho.

Ukiombwa damu kwa ajili ya utafiti wa kiwango cha maambukizi, uliza kama wewe binafsi utapewa majibu, kwa kuwa tafiti nyingine hazimpi mtu jibu lake. Na ukisoma takwimu zake, tazama nani walipimwa. Wachangia damu huchujwa kwanza, hawawezi kuwakilisha kila mtu. Kiwango kikipanda nacho si lazima maambukizi mapya yameongezeka: watu wakipata dawa na kuishi muda mrefu, idadi ya wanaoishi na kirusi huongezeka pia.

Mengine ni madogo. Vipimo vya virusi peke yake havihitaji kufunga kula, isipokuwa umeandikiwa na vingine. Kunywa maji, mshipa utapatikana kirahisi. Vaa nguo yenye mkono unaokunjika. Kama huwa unazimia ukiona sindano, sema mapema ulale. Soma jina lililoandikwa kwenye chupa kabla haijaondoka mbele yako.

Mwisho, panga siku ya majibu kabla ya siku ya damu. Utayapokea ana kwa ana au kwa simu? Nani mwingine anaruhusiwa kuyaona? Unataka nani akusindikize? Na hata ukiambiwa huna, omba uandikiwe kitu kimoja zaidi chini ya jibu: tarehe ya kurudia, kama tarehe ya tukio inakuweka bado ndani ya dirisha.