Kumlaza hospitalini mgonjwa wa akili asiyeridhia: hatua za dharura kwa sheria ya Uingereza na Wales

Mwongozo huu unahusu Uingereza na Wales, ambako sheria inayotumika ni Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2007. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao, na mwenye mgonjwa Glasgow au Belfast asifuate hatua hizi. Ninaandika kama ofisa wa afya ya akili aliyeidhinishwa na halmashauri, yule ambaye hospitalini na polisi hutajwa kwa herufi AMHP. Kazi hii hufanywa zaidi na maofisa ustawi wa jamii, na pia wauguzi na wanasaikolojia waliopata mafunzo ya ziada, lakini daktari haruhusiwi kuishika, kwa sababu sheria ilitaka mtu wa taaluma nyingine apime maoni ya madaktari.

Familia nyingi zinazotoka kwetu hudhani kwamba polisi ndio wanaomchukua mgonjwa, au kwamba daktari akishasema basi imekwisha. Sivyo. Kwa kawaida mgonjwa hulazwa bila ridhaa yake baada ya madaktari wawili kutoa mapendekezo na AMHP kuamua kuomba alazwe, na katika uamuzi huo familia ina nafasi yake kisheria, alimradi ijue nafasi hiyo ni ya nani na itumike wakati gani.

Hatua ya kwanza: simu, na maneno ya kusema

Mtu akiwa ameshika kisu, amemeza vidonge vingi au yuko ukingoni mwa daraja, piga 999 na usisubiri ushauri wa yeyote. Hali ikiwa mbaya lakini hakuna hatari ya papo hapo, piga 111 na uchague huduma ya afya ya akili, au ipigie timu ya afya ya akili inayomhudumia mgonjwa ikiwa tayari anajulikana kwao. Usitegemee polisi peke yao: tangu mwaka 2023 polisi wa Uingereza wamekuwa wakipunguza kwenda kwenye matukio ya ugonjwa wa akili yasiyo na uhalifu wala hatari kwa maisha.

Eleza matendo, na useme yalitokea lini. “Amechanganyikiwa” ni neno ambalo anayepokea simu hawezi kulifanyia kazi. “Hajalala tangu Jumamosi, amekata nyaya za jiko, anasema chakula kimetiwa sumu na hajala kwa siku tatu” ni maelezo yanayomwezesha kuamua. Taja dawa alizoandikiwa na siku alipoacha kuzimeza, na kama kuna pombe, bangi au miraa, sema bila kuficha. Familia huficha miraa kwa sababu imepigwa marufuku Uingereza tangu mwaka 2014, lakini tunaiuliza kwa ajili ya tiba. Sheria inasema uraibu wa pombe au dawa za kulevya peke yake si ugonjwa wa akili, kwa hiyo ni muhimu tujue kilichotangulia ni kipi.

Hatua ya pili: mjue ndugu wa karibu kisheria

Hapa ndipo familia zetu zinapokwama zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Sheria haimtambui mwenye usemi katika ukoo, wala yule ambaye mgonjwa amemwandikisha hospitalini kuwa ndiye wa kupigiwa simu. Inamtambua mtu mmoja tu, ndugu wa karibu, anayepatikana kwa kufuata orodha ya kifungu cha 26: kwanza mume au mke, kisha mtoto, mzazi, ndugu wa kuzaliwa, babu au bibi, mjukuu, mjomba, ami au shangazi, na mwisho mpwa. Walioishi pamoja kama mume na mke kwa muda usiopungua miezi sita huhesabiwa kama wanandoa. Katika ngazi moja, mkubwa kwa umri hutangulia, awe wa kike au wa kiume, na ndugu wa baba na mama mmoja humtangulia wa kuchangia mzazi mmoja. Lakini ndugu yeyote aliye kwenye orodha akiwa ndiye anayeishi na mgonjwa au anayemtunza, huwapita wote na kupanda juu.

Zaidi ya hapo, ikiwa mgonjwa anaishi Uingereza au Wales, ndugu anayeishi nje ya Ufalme wa Muungano (Uingereza, Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini), Visiwa vya Channel na Kisiwa cha Man hahesabiwi. Mama aliyeko Tanga au ami aliyeko Muscat, ambaye pengine ndiye anayesikilizwa na ukoo mzima, hana mamlaka yoyote kwa sheria hii, hata akiwa kwenye simu wakati wote wa tathmini. Tunamsikiliza kwa heshima zote na maelezo yake hutusaidia, lakini hawezi kukubali wala kupinga. Aliye chini ya miaka 18 naye haingii, isipokuwa akiwa mwenzi au mzazi wa mgonjwa.

Ndugu wa karibu asiyetaka jukumu hilo, kwa mfano kaka mkubwa asiyeelewana na mgonjwa, anaweza kumkabidhi mtu mwingine kwa maandishi. Fanyeni hivyo mapema, siku ya utulivu. Marekebisho ya sheria yaliandaliwa kwa miaka mingi, na moja ya mapendekezo yake lilikuwa mgonjwa amchague mwenyewe mtu wa kushika nafasi hii. Kwa maoni yangu lilichelewa, kwa sababu nimewaona wake waliokimbia kupigwa, na bado waume zao wakihesabiwa kuwa ndio wa kuombwa ushauri juu yao.

Ndugu wa karibu ana haki ambayo wachache huitumia: anaweza kuitaka halmashauri imtume AMHP kuchunguza kama mgonjwa anahitaji kulazwa. Sheria haidai maandishi, lakini mimi hushauri barua pepe, kwa sababu hubaki na tarehe. AMHP akiamua kutoomba mgonjwa alazwe, ni lazima ampe ndugu huyo sababu zake kwa maandishi.

Hatua ya tatu: mlango, na mamlaka ya polisi

Polisi wana mamlaka ya kumchukua mtu anayeonekana kuwa na ugonjwa wa akili na kuhitaji msaada wa haraka, chini ya kifungu cha 136. Mamlaka hayo hayatumiki ndani ya nyumba au chumba anamoishi mtu, wala katika bustani, ua au gereji yake. Ndiyo maana askari aliyeitwa nyumbani anaweza kusimama sebuleni, akaona hali ilivyo, na bado asimchukue mgonjwa kwa kifungu hicho. Wapo wanaojaribu kumshawishi mgonjwa atoke hadi barabarani ili achukuliwe huko. Msishiriki mbinu hiyo, kwa sababu inamfanya mgonjwa asiwaamini tena, na mawakili huipinga.

Anayechukuliwa hupelekwa mahali pa usalama, ambapo kwa kawaida ni chumba maalumu hospitalini. Mtoto wa chini ya miaka 18 hapelekwi kituo cha polisi kamwe, na mtu mzima hupelekwa huko kwa nadra sana. Anaweza kushikiliwa kwa saa 24 tangu afike, na daktari anaweza kuongeza saa 12 ikiwa hali ya mgonjwa hairuhusu tathmini kukamilika. Kabla ya Desemba 2017 muda huo ulikuwa saa 72, na bado wapo wanaoutaja.

Mgonjwa akijifungia ndani, AMHP huenda mahakamani kuomba hati ya hakimu chini ya kifungu cha 135. Polisi ndio wanaoitekeleza, wakiongozana na AMHP na daktari. Hati hii huchukua muda kupatikana, kwa hiyo mwenye ufunguo wa akiba au mwenye nyumba anayekubali kufungua atuambie mapema.

Hatua ya nne: tathmini yenyewe

Njia ya kawaida, hata kwa dharura, ni kifungu cha 2, kinachoruhusu mgonjwa kulazwa kwa muda usiozidi siku 28, na muda huo haurudiwi. Madaktari wawili humpima, mmoja wao akiwa amethibitishwa kuwa na uzoefu wa magonjwa ya akili, na ikiwezekana mmoja awe anamfahamu mgonjwa tangu zamani. Wakimpima kwa nyakati tofauti, siku zilizo kati ya vipimo hivyo zisizidi tano. AMHP naye lazima awe amemwona mgonjwa ndani ya siku 14 kabla ya kutia saini.

Tunajiuliza mambo mawili: je, ana ugonjwa wa akili wa aina au kiwango kinachohitaji hospitali, na je, anapaswa kuzuiliwa kwa ajili ya afya yake, usalama wake au ulinzi wa wengine? Angalieni neno afya hapo. Si lazima mtu awe amempiga mtu au amejaribu kujiua; kuzidiwa na ugonjwa kwa kuacha dawa kunaweza kutosha. Lakini AMHP lazima aridhike kwamba hospitali ndiyo njia inayofaa zaidi kwa mazingira yote, na akiona kuwa timu ya kumtibu nyumbani inatosha, hataomba alazwe hata kama madaktari wote wawili wamependekeza.

Dai mkalimani. Mgonjwa lazima ahojiwe kwa namna inayofaa, na kwa asiyejua Kiingereza vizuri hiyo ina maana ya mkalimani asiye ndugu. Niliwahi kukaa kwenye tathmini ambayo mama mmoja alieleza kwa muda mrefu, kwa Kiswahili, jinsi jirani wa juu anavyompitishia moshi kwenye bomba la bafuni na kwamba kwa sababu hiyo amefunga dirisha kwa gundi. Shangazi yake akawaambia madaktari kwa Kiingereza, “Anasema amechoka.” Shangazi hakuwa na nia mbaya, alikuwa anamsitiri. Daktari asiyejua lugha yetu angeondoka na sentensi hiyo moja. Mkalimani hutafsiri pia habari za majini na kulogwa kama zilivyosemwa, na hapo ndugu anayejua mgonjwa alivyokuwa zamani anaweza kutueleza kama huo ni mwendo wake wa siku zote wa kuzungumzia maradhi au ni jambo jipya.

Hatua ya tano: pale ambapo hakuna daktari wa pili

Kifungu cha 4 kipo kwa dharura ambayo kumsubiri daktari wa pili kungeleta ucheleweshaji usiokubalika. Daktari mmoja hujaza fomu ya pendekezo, AMHP hujaza ya maombi, na wote wawili lazima wawe wamemwona mgonjwa ndani ya saa 24 zilizopita. Mgonjwa anaweza kuzuiliwa kwa saa 72, na daktari wa pili akitoa pendekezo lake ndani ya saa hizo, kifungu hubadilika kuwa cha 2. Kinatumika mara chache, na ndivyo inavyopaswa. Daktari wa pili kuwa na shughuli nyingi si dharura ya mgonjwa.

Waliomo katika saa hizo 72 wana ulinzi mdogo kuliko wengine. Hawana haki ya mtetezi huru, yaani mtu asiye wa wodi anayemsaidia mgonjwa kuzijua na kuzitumia haki zake, ambayo aliye chini ya kifungu cha 2 anayo, na kwa upande mwingine sheria hii haimruhusu daktari kuwatibu ugonjwa wa akili bila ridhaa yao, jambo ambalo kifungu cha 2 kinaliruhusu. Ulizeni kila asubuhi kama daktari wa pili amekuja.

Aliyekwenda hospitalini kwa hiari kisha akataka kuondoka anaweza kuzuiliwa wodini na daktari kwa saa 72, au na muuguzi wa afya ya akili kwa saa sita, chini ya kifungu cha 5. Hilo halimhusu aliyeko idara ya dharura ambaye bado hajalazwa.

Hatua ya sita: baada ya saini

Mgonjwa husafirishwa kwa gari la wagonjwa kila inapowezekana. Andaeni simu na chaja yake, miwani, dawa zote zikiwa kwenye maboksi yake, na nguo zisizo na mikanda wala kamba, kwa kuwa wodi huziondoa. Nyumba ikibaki tupu, halmashauri ina wajibu wa kulinda mali na hata kumtunza paka, pale ambapo hakuna mwingine wa kufanya hivyo. Matibabu ya aliyezuiliwa kwa sheria hii hayalipiwi, hata kama viza yake ina matatizo.

Wodi lazima imweleze mgonjwa haki zake kwa mdomo na kwa maandishi. Aliye chini ya kifungu cha 2 anaweza kukata rufaa kwenye baraza huru la kusikiliza rufaa za waliozuiliwa ndani ya siku 14 za mwanzo, na wakili wake hulipwa na serikali bila kuangalia kipato. Siku hizo 14 huhesabiwa tangu alipolazwa, hata kama wiki ya kwanza alikuwa hajitambui, kwa hiyo ndugu amkumbushe.

Ndugu wa karibu hujulishwa kuhusu kifungu cha 2, lakini hana uwezo wa kukizuia. Kwa kifungu cha 3, kinachodumu hadi miezi sita, ni lazima aombwe ushauri inapowezekana, na akipinga, mgonjwa hawezi kuwekwa chini ya kifungu hicho isipokuwa mahakama imwondoe katika nafasi hiyo. Chini ya vifungu vyote viwili anaweza pia kuagiza mgonjwa aruhusiwe kwenda nyumbani, kwa barua inayotoa notisi ya saa 72. Daktari msimamizi ana saa hizo hizo za kuandika kwamba mgonjwa akitoka huenda akawa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. Akiandika hivyo, agizo hukwama, na ndugu huyo hawezi kutoa jingine kwa miezi sita. Barua hiyo ipelekwe kwa uongozi wa hospitali, iwe na tarehe na saa, na abaki na nakala.