Bima wamekwambia bati zako zilikuwa chakavu? Usisaini kitu kwanza

Jamani wenzangu wa Unguja na Pemba, bati zimeng'oka na upepo, umepeleka madai, halafu unajibiwa eti ni kutu na uchakavu. Mimi yalinikuta hapa Chake, barua yenyewe mistari minne tu, nikakaa siku mbili sijui pa kuanzia, ndo maana naandika.

Barua isome uone wamekataa kwa kifungu gani cha mkataba. Hawajataja? Rudi uombe wakuandikie, ya simu usiyakubali maana baadae huna pa kushika.

Sasa ushahidi, na hapa ndo penye kesi yote. Bima haibishi kama paa limeharibika, inabisha limeharibiwa na nini, kwahiyo usimwache fundi atupe bati za zamani, ziweke. Piga picha misumari, kama imechomoka na mbao ya kenchi ni nzima, haijaoza, hapo upepo umeingia chini ya paa ukanyanyua, lakini kama bati limetoboka kwa kutu kuzunguka msumari watakushinda, na sisi tunaokaa karibu na bahari chumvi inakula bati haraka, tuseme ukweli. Kama una picha ya nyumba kabla ya tufani, hata ya harusi ambayo paa linaonekana kwa nyuma, itoe. Omba Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) taarifa ya upepo wa siku ile, sheha akuandikie barua kwamba na nyumba za jirani ziliezuliwa, na fundi mwengine, si yule wa bima, akuandikie sababu na gharama.

Maji ya mvua nayo yana mtego wake, mikataba mingi inalipa dari na magodoro yaliyorowa pale tu upepo ulipofungua paa kwanza mvua ikaingia, paa lililokuwa likivuja siku zote hawalipi. Funika turubai mapema, risiti weka, ukiacha mvua iendelee kuingia watasema hasara umeiongeza mwenyewe.

Wakikubali kulipa lakini kidogo, uliza wamepigaje hesabu. Nyumba ya milioni 60 ukiikatia bima ya milioni 30, hasara ya milioni 8 watakulipa 4 kwa vile umeikatia nusu tu ya thamani yake, tena wanakata na ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unataka uibebe mwenyewe, na kama mkataba unasema hivyo hapo huna ubishi. Ila usisaini dischaji vocha kama hujaridhika!! Ile karatasi inasema madai yameisha, ukishasaini kurudi nyuma ni kazi kubwa mno.

Baada ya hapo andika barua ya malalamiko kwa kampuni, ambatanisha kila kitu (kopi, orijino baki nazo), nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wakikaa kimya au wakikataa tena, nenda TIRA, ndo wasimamizi wa bima na Zanzibar wana ofisi, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambae amewekwa na sheria ya bima ya 2009. Kule watakuuliza kwanza kama kampuni ulishailalamikia, na huo muhuri ndo jibu lako. Mahakamani mwisho kabisa, wakili ana gharama na paa linataka kuezekwa sasa hivi.