Shomoro akiingia ukumbini, weka fagio chini

Huu ni mwaka wangu wa 9 kutunza ukumbi wa kanisa hapa Moshi, na hakuna Jumamosi ya harusi asipotokea kijana wa kumkimbiza shomoro na fagio. Ndege akiogopa hupanda juu, kwenye kenchi, na huko ngazi yetu haifiki. Mwaka juzi mmoja alijibamiza kwenye kioo, akaangukia keki. Bibi harusi alilia, mama yake akacheka.

Ndege hufuata mwanga. Basi zima taa zote, zima feni (feni kabla ya taa!), shusha mapazia ya madirisha ya juu. Fungua mlango mmoja tu, ule wenye jua: kwangu asubuhi ni wa mashariki, jioni wa magharibi. Toa watu, hata wapambaji. Mimi humwaga punje za wali wa jana kizingitini. Akiwa mkaidi mpaka giza likaingia, mwache alale, umfungulie alfajiri.

Teleka ni habari nyingine. Ni yule ndege mweusi mwenye kiuno cheupe. Miguu yake mifupi mno, akianguka sakafuni anapata tabu kuruka, na watu hudhani kavunjika bawa. Mweke kiganjani, toka naye uwanjani, inua mkono, tulia. Usimrushe. Utasikia kucha zikikushika kama sindano, mwili mzima unatetemeka, halafu kiganja kitupu.

Tundu la shomoro mara nyingi lipo kati ya bati na ukuta. Usilizibe kabla ya kusikiliza asubuhi kama kuna vifaranga. Shomoro hutamia karibu wiki 2, na makinda hukaa kiotani kama wiki 2 nyingine. Wakishatoka, ziba kwa wavu wa matundu madogo. Ule mpana wa kuku shomoro anapita bila kuinamisha kichwa.

Kinyesi usikifagie kikavu, vumbi lake linaweza kuwa na kuvu wanaodhuru mapafu. Vaa barakoa, lowesha kwa maji ya sabuni, ndipo ufute.

Mbayuwayu wa varandani, wenye kiota cha udongo juu ya mlango wa pembeni, sijawagusa. Nimewatundikia kipande cha silingbodi chini kipokee uchafu. Mchungaji ameshaniuliza mara mbili nitawatoa lini. Nimemwambia masika yaishe kwanza.