Somo: Namna ya kumpima mvamizi wa pembeni wa chuo kabla hajaingia NFL

Katika futiboli ya Marekani, ambayo ligi yake kuu ya kulipwa ni NFL, mvamizi wa pembeni ni yule mlinzi anayesimama mwisho wa safu, na kazi yake kuu ni kumfikia kwotabeki, yaani mrushaji wa mpira, kabla mpira haujamtoka mkononi. Akimwangusha nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo mpira ukiwa bado mkononi, hiyo ni saki. Upande wa ulinzi hakuna wanaolipwa kama watu hawa, kwa hiyo timu ikikosea kuchagua, machungu yake huchukua miaka. Mwaka 2008 New York Jets walimchukua Vernon Gholston wa Ohio State akiwa chaguo la 6 katika zamu za timu za NFL kuchagua vijana wa chuo. Msimu wake wa mwisho chuoni alikuwa na saki 14, na kwenye vipimo alinyanyua ratili 225 mara 37. Alikaa New York misimu mitatu asipate saki hata moja.

Hatua ya kwanza: tafuta mechi nzima, wala usidanganywe na vipande vya sifa. Mechi tatu au nne zinatosha, mradi mbili kati ya hizo ziwe dhidi ya teko, yaani jitu la pembeni linalomkinga kwotabeki, ambaye naye anatarajiwa kufika NFL. Kijana anayewatesa wanyonge mwezi Septemba, mwanzoni mwa msimu, hajakueleza lolote bado.

Hatua ya pili: simamisha picha pale mpira unapoinuka ardhini. Ikiwa wenzake wameshaondoka naye bado ameinama, andika hivyo, kisha angalia kama inajirudia, kwa sababu kuchelewa mara moja ni bahati mbaya lakini kuchelewa mara kumi ni tabia. Mechi za NFL huenda kasi, na mara nyingi mpira huachiliwa ndani ya sekunde tatu hivi.

Hatua ya tatu ni mikono na kiuno, na hapa mimi hukaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Teko hunyoosha mikono ili amshike kifuani. Mvamizi anayejua kazi huipiga mikono ile kwenye vifundo, akapenyeza bega la ndani chini ya kwapa la mpinzani, kisha akapinda kona akiwa ameinama kiasi kwamba vidole vyake vinakaribia kugusa nyasi, huku ncha za viatu tayari zimeelekea kwa kwotabeki. Asiyeweza kuinama hupinda kama lori lenye tela: hupita kwa kishindo, na hujikuta yadi tano nyuma ya mtu aliyekuwa akimtafuta. Mwangalie pia mbinu yake ya kwanza inapozuiwa. Je, ana ya pili, au anabaki kusukumana kifua kwa kifua hadi filimbi? Nadhani hapo ndipo wengi waliovuma chuoni hukwama, kwa kuwa chuoni nguvu peke yake iliwatosha.

Hatua ya nne: zichambue saki zake moja moja. Zipo alizopata kwa kumshinda teko, zipo alizopata kwa sababu hakuna aliyemkaba, na zipo ambazo kwotabeki alikosa wa kumpa mpira akazunguka hadi akamwangukia. Hesabu zile za aina ya kwanza tu. Usisahau kutazama anavyocheza mpira unapokimbizwa, maana asiyeweza kuzuia mkimbiaji huingizwa uwanjani kwa zamu chache.

Hatua ya tano, na iwe ya mwisho kweli, ni vipimo vya Indianapolis, ambako NFL huwapima vijana wa chuo kabla ya kuchaguliwa. Katika mbio za yadi 40, zitazame zaidi yadi 10 za kwanza. Kisha mbio za kuzunguka koni tatu, zinazoonyesha kama mwili unakubali kupinda. Halafu urefu wa mikono.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mikono mifupi si kasoro ya kumwondoa mtu kabisa?
Jibu: Ni kasoro, maana teko humgusa yeye kwanza, ila haitoshi kumwondoa. Wapimaji wengi hupenda inchi 33 na kuendelea. Aidan Hutchinson wa Michigan alikuwa na 32 na kidogo, lakini alizunguka koni tatu kwa sekunde 6.73, na Detroit wakamchukua wa pili mwaka 2022.

Swali: Aliyemtangulia mwaka huo, Travon Walker, alikuwa na saki 6 tu msimu wake wa mwisho chuoni. Jacksonville waliona nini?
Jibu: Waliona mwili: mikono ya inchi 35 na nusu, na yadi 40 kwa sekunde 4.51. Mwaka wa kwanza alipata saki 3.5 (nusu ni saki waliyogawana wawili), kisha 10, kisha 10.5. Ukichagua kwa mtindo huo, ujue unalipia subira.

Swali: Na aliyetoka chuo kisichosikika?
Jibu: Maxx Crosby alitoka Eastern Michigan, akachaguliwa wa 106 mwaka 2019, na msimu huohuo akapata saki 10. Kwa kijana kama huyo ongeza idadi ya mechi unazotazama, hasa alipokutana na vyuo vikubwa.

Swali: Naomba kuuliza, mkuu: mbio zikiwa mbaya lakini video ni nzuri, uamini kipi?
Jibu: Terrell Suggs alipata saki 24 akiwa Arizona State mwaka 2002, kisha mbio zake zikawatia watu shaka, akashuka hadi chaguo la 10. Baltimore waliamini video, naye alistaafu akiwa na saki 139. Mimi huirudia video kwanza, nikitafuta kama ule upungufu wa kasi unaonekana katika hatua zake tatu za mwanzo. Usipoonekana, namba naiweka kando.