Dizeli au Petroli: Ya Kuzingatia Kabla Hujalipia Gari

Tafuta daftari dogo, la mfukoni linatosha. Kwa wiki mbili andika kila safari unayofanya: kilomita ngapi, dakika ngapi, foleni ilikuwaje, na ulibeba nini. Wengi wanaoniuliza kama wanunue dizeli au petroli huanza na bei ya lita. Hilo mimi huliweka mwisho. Nikianza, nauliza injini yako huwa inatembea kwa muda gani kabla hujaizima, maana hapo ndipo dizeli inapokulipa au kukufilisi.

Sababu iko ndani ya silinda. Injini ya petroli hubana mchanganyiko wa hewa na mafuta mara 8 hadi 12 hivi, kisha plagi inatoa cheche. Dizeli haina cheche. Inabana hewa tupu mara 14 hadi 20, pengine zaidi, hewa inapata moto kupita nyuzi 500, ndipo nozeli inapopuliza mafuta na yanawaka yenyewe. Rudolf Diesel alifanikiwa kuitengeneza injini ya namna hiyo mwaka 1897 huko Ujerumani, na alichokuwa akikitafuta ni hicho hicho: kupata kazi nyingi kutoka mafuta machache. Tena lita moja ya dizeli ina nishati zaidi kuliko lita ya petroli kwa asilimia 10 hadi 15 hivi. Ndiyo maana gari la dizeli hufika mbali kwa tangi lilelile. Lakini mbano mkubwa unadai chuma kizito, betri kubwa na stata yenye nguvu, na injini yenyewe huchelewa kupata joto.

Sasa lichukue daftari lako upige hesabu, na uifanye kwa lita badala ya fedha, kwa kuwa bei hupanda na kushuka. Tuseme magari mawili yanafanana kila kitu isipokuwa injini. La petroli linakwenda kilomita 10 kwa lita, la dizeli 13. Kwa mwaka wa kilomita 10,000, petroli itakula lita 1,000 na dizeli 769, kwa hiyo umeokoa lita 231. Tofauti ya bei ya kununua ikiwa sawa na thamani ya lita 1,500, na bei za mafuta zikiwa zinalingana, utahitaji miaka sita na nusu ili kurudisha hela yako. Mwenye kutembea kilomita 30,000 kwa mwaka anairudisha katika miaka miwili na ushei. Hapo sijagusa matengenezo, ambayo upande wa dizeli ya kisasa kwa kawaida huwa ghali zaidi. Ukipata jibu la miaka sita na wewe huwa unauza gari kila baada ya minne, dizeli si yako.

Kilomita peke yake hazitoshi, lakini. Kuna mtu anatembea kilomita 15,000 kwa mwaka katika safari ndefu za mwisho wa wiki, na mwingine anafikisha idadi hiyo hiyo kwa vipande vya kilomita nne nne: sokoni, shuleni, kazini, nyumbani. Huyu wa pili asiguse dizeli mpya mpya. Magari ya dizeli ya miaka ya karibuni yana filta ya masizi kwenye bomba la ekzosi. Filta hiyo hukusanya masizi, kisha hujisafisha kwa kuyachoma, na ili yaungue moshi unapaswa kufikia nyuzi kama 600. Joto hilo halipatikani kwenye foleni. Kompyuta ya gari huongeza mafuta kidogo ili kupandisha joto. Ukizima kabla kazi haijaisha, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, filta inaziba.

Hili nalijua kwa sababu nililipa ada ya kujifunza. Nilikuwa na dizeli nzuri, imara, na kazini kwangu ni mwendo wa dakika kumi na mbili. Taa ya rangi ya chungwa ikawaka kwenye dashibodi, nikaipuuza kama tunavyopuuza taa za chungwa. Siku moja nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Kiwango kilikuwa kimepanda juu ya alama, na oili ilikuwa nyepesi, ikinuka dizeli. Mafuta yale ya kuchomea masizi yalikuwa yakiteremka ukutani mwa silinda na kuingia kwenye oili. Oili ya injini haizaliani. Ukiona imeongezeka bila mkono wako, usiendelee kutembea.

Kuna sifa moja ya dizeli ambayo mnunuzi anapaswa kuipima upya, nayo ni ile ya kuishi miaka mingi bila kufa. Wazee wetu wa udereva hawakudanganya. Zile dizeli za zamani zenye pampu ya kimekanika zilivumilia mengi. Sifa imerithiwa na injini ambazo ni kitu kingine kabisa. Dizeli ya sasa husukuma mafuta kwa shinikizo linaloweza kufika bar 2,000, wakati tairi lako lina bar mbili na kidogo. Ndani ya nozeli nafasi kati ya chuma na chuma ni mikroni chache (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na unywele wa mtu ni mikroni 50 hadi 100. Maji kidogo au vumbi kidogo kwenye mafuta vinatosha kuichuna. Kwa hiyo kabla ya kununua, jiulize utajaza wapi siku zote. Kama njia zako zinakupitisha kwenye mafuta ya madumu na mapipa, dizeli ya kizamani au petroli ya kawaida itakuacha ulale usingizi. Uliza pia kuhusu salfa. Dizeli inayouzwa Ulaya tangu 2009 hairuhusiwi kuzidi miligramu 10 za salfa kwa kilo, na magari yaliyotengenezwa kwa soko lile yanatarajia mafuta ya aina hiyo. Salfa nyingi huharibu vifaa vya kusafisha moshi.

Kwenye mzigo, dizeli bado ni mfalme. Nguvu yake ya kuvuta inakuja mapema, kwenye mizunguko ya injini 1,500 hadi 2,500 hivi kwa dakika, ndiyo maana inapanda mlima na tela nyuma bila kupiga kelele. Petroli isiyo na turbo, yaani feni ya kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini, hukutaka uikanyage hadi mizunguko 4,000 ndipo ionyeshe ubavu. Kama daftari lako lina mizigo, tela au miinuko mirefu, hapa usibanie hela. Kama lina mtu mmoja na begi, nguvu hiyo utakuwa unaitazama tu. Petroli nayo ina yake: plagi, koili, na siku hizi viinjini vidogo vyenye turbo visivyopenda oili ya bei ya kutupa.

Angalia na sheria za mahali utakapotembelea, hasa kama unanunua gari la kukaa nalo miaka kumi. London, kwa mfano, tangu Aprili 2019 ina eneo ambalo petroli ya kiwango cha Euro 4 huingia bila ada, lakini dizeli mpaka iwe Euro 6 (Euro ni viwango vya Ulaya vya usafi wa moshi, namba ikipanda masharti yanakaza). Baada ya Volkswagen kukamatwa mwaka 2015 ikiwa imeweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi, miji mingi imekuwa haina subira na dizeli. Anayejua kwamba soko la kuuzia litakuwa mji wa namna hiyo aliingize jambo hilo kwenye bei leo.

Na siku ya kwenda kuliona gari, nenda mapema na umwombe muuzaji asiliwashe. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, kuna kitu kimefichwa kwa kupashwa moto, kwa sababu dizeli iliyochoka husema ukweli asubuhi ikiwa baridi. Washa mwenyewe. Ikizunguka muda mrefu kabla ya kushika, ama mbano umepungua, ama hita za kuwashia zimekufa, ama mafuta yanarudi nyuma. Tazama moshi: mweusi ukikanyaga ni mafuta mengi au hewa pungufu, wa buluu ni oili inaungua, mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto unaweza kuwa maji ya rejeta yanaingia silinda. Oili nyeusi isikutishe, kwa dizeli ni kawaida hata siku chache baada ya kubadilisha. Kisha, injini ikiwa inanguruma polepole, fungua kifuniko cha oili ukilaze kwa kukigeuza juu ya tundu lake. Kikitetemeka kidogo, sawa. Kikirukaruka na tundu likapumua moshi kama sufuria, pete za pistoni zimechoka na utakuja kuifungua injini hiyo.

Kwa mnunuzi wa petroli, nusu ya hayo yanatosha, pamoja na kuchomoa plagi moja uione rangi yake.

Mkiwa na magari mawili nyumbani, moja dizeli na jingine petroli, andika neno la mafuta kwa herufi kubwa ndani ya kifuniko cha tangi. Mdomo wa pampu ya petroli mwembamba huingia bila shida kwenye tangi la dizeli, na dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya gari. Petroli inaiacha kavu. Ukigundua kosa ukiwa bado kituoni, usigeuze ufunguo hata mara moja. Sukumeni gari pembeni, tangi limwagwe.

La mwisho la kukagua ni dogo na huchukua nusu dakika. Gari la dizeli lenye filta ya masizi huwa na mdomo wa ekzosi karibu msafi. Funga kitambaa cheupe kidoleni, ukizungushe ndani ya bomba likiwa limepoa. Kikitoka cheusi tititi, filta imepasuka au kuna mtu ameikata na kuitupa, na bei mliyokuwa mkizungumza haikuwa ya gari hilo.