Namna ya kumsaidia mwandishi wa mchezo bila kumnyang'anya kalamu

Kazi yangu ni steshenari, hapa Mtwara mjini, maeneo ya Chuno. Nachapa barua za kuomba kazi, risala za harusi, mihutasari ya vikao vya vikoba na, kwa muda mrefu sasa, michezo ya kuigiza. Ukiuchapa mswada wa mtu, ukauchapa tena na tena, unafika mahali unajua kuliko mwenyewe alipokwama. Ndivyo nilivyojikuta katibu wa kikundi chetu cha kusaidia waandishi wa michezo. Naandika tunavyofanya ili aliye Lindi, Masasi au Newala aanzishe cha kwake bila kusubiri mtu wa Dar. Na asikwambie mtu kwamba tamthiliya ni mambo ya huko: Ebrahim Hussein, anayesomwa na kila mwanafunzi wa fasihi, ni mzaliwa wa Lindi.

Usianze na waigizaji. Tafuta wasomaji na wasikilizaji. Sisi tuna mwalimu wa sekondari, fundi cherehani, kondakta wa basi la Masasi na mama anayeuza samaki pale feri ya Msangamkuu, pamoja na waandishi wenyewe. Kondakta ndiye msomaji wetu bora, ana sauti na haogopi watu. Mama wa samaki hasomi, miwani yake ilivunjika na ananunua nyingine kila mwaka ujao, lakini akinyanyua mkono kusema "hapo sijaelewa", mwandishi ajue ana kazi. Watu wanane au kumi wanatosha. Wakizidi, unakuwa mkutano wa hadhara.

Kuhusu majira, sahau Oktoba hadi Desemba. Korosho zikianza kuingia ghalani na minada ikafunguliwa, hakuna atakayekuja, na atakayekuja moyo wake uko kwenye bei. Jumamosi za likizo ya mwezi wa sita nazo ziache, wali wa jando na unyago wanatolewa kila mtaa na huwezi kushindana na ngoma. Chagua siku ya katikati ya wiki, saa kumi alasiri, mmalize kabla ya magharibi. Darasa la shule ya msingi linatosha, mwalimu mkuu akiridhia.

Sasa mswada. Hapa nisikilize, ndiyo kazi yangu. Jina la mhusika likae kushoto kwa herufi kubwa, maneno yake yafuate, na mistari iachane vya kutosha. Kulia acha nafasi ya vidole vitatu, ndipo watu wataandika. Kila ukurasa uwe na namba, na chini kabisa uandike rasimu ya ngapi na tarehe. Bila hivyo utakuta nusu ya watu wanasoma rasimu ya zamani, na mhusika aliyekwisha kufutwa anaingia mlangoni anasalimia. Usichape kitabu kizima kwa kila mtu. Wasomaji wawili kopi moja, na wasikilizaji wasipewe kitu. Si kwa sababu ya gharama tu (ingawa wino siupewi bure): mtu mwenye karatasi husahihisha herufi, asiye nayo husikiliza mchezo.

Siku ya kusoma, mwandishi asisome. Atazipaka rangi sentensi zake kwa sauti hata zile zisizofaa. Mwingine asome maelezo ya jukwaani, taratibu, bila mbwembwe. Wasomaji wasiigize, wasome tu kama watu wanaoongea. Mwandishi akae pembeni na kopi yake, aweke alama palipochekwa, palipokohoa watu watatu kwa mpigo na pale kondakta alipotoa simu. Hizo alama zitamfaa kuliko hotuba zote zitakazofuata.

Nitoe mfano. Kijana mmoja alituletea mchezo kuhusu hela za korosho. Ukurasa wa pili ulikuwa hivi:

MKE: Mume wangu, zile fedha za korosho ulizolipwa wiki iliyopita kupitia chama cha msingi umezifanyia nini, ilhali unajua kwamba nyumba yetu inavuja?

Mama wa samaki akauliza, "Huyu mwanamke anamwambia nani? Mumewe hajui kama nyumba inavuja?" Basi, swali hilo tu. Mwalimu alishafungua mdomo ampe sentensi nzuri zaidi, mwenyekiti akamzuia. Kijana akaenda nayo, akarudi na hii:

MKE: Kwa Bi Somoe wameezeka bati.
MUME: Mvua bado.
MKE: Nimesema wameezeka. Sijasema inanyesha.

Nilipokuwa nachapa hapo nilisimamisha mikono. Angepewa sentensi ya mwalimu, hii isingezaliwa.

Kwa hiyo maoni yawe na utaratibu. Sisi tunafuata wa Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, aliouanzisha mwaka 1990. Kwanza wasikilizaji waseme kilichowakaa, si sifa za jumla, waseme kabisa "yule mtoto aliyeficha ufunguo". Halafu mwandishi mwenyewe aulize anachotaka kujua. Kisha wasikilizaji waulize, na swali lisifiche hukumu ndani yake. "Kwa nini mwisho ni mrefu hivi?" ni lawama iliyovaa kanzu, uliza "Ulitaka tutoke na nini pale mwisho?" La nne ni maoni, na yanaombewa ruhusa: "Nina maoni kuhusu baba mkwe, unayataka?" Mwandishi ana haki ya kusema hapana.

Kwetu hatua hii ya nne ndiyo ngumu, maana wazee hawaombi ruhusa. Mzee akianza "sisi zamani...", mwenyekiti amwambie kwa heshima, "Babu, hilo zuri, tulitunzie kwenye maoni." Ukifika wakati huo, mara nyingine amesahau, mara nyingine anasema jambo la dhahabu. Mwenyekiti awe mtu anayeweza kumkatisha mkubwa bila kumvunjia adabu. Wetu ni fundi cherehani, amezoea wateja.

Wazo la kukaa na mswada kabla ya jukwaa si letu peke yetu. Siku moja umeme umekatika, mashine zimelala, nilikuwa nasoma kwenye simu habari za waandishi wa Pasifika, yaani Wasamoa, Watonga, Wafiji na wenzao waliohamia New Zealand. Kule kuna shirika la Playmarket, lipo tangu 1973, linasoma miswada ya waandishi na kuwakutanisha na waigizaji wa kuijaribu. Na mwaka 1993, mjini Christchurch, kikundi cha Pacific Underground kilianza kutunga michezo kuhusu familia zao wenyewe. Mmoja wao, Oscar Kightley, alizaliwa Apia, Samoa, akakulia New Zealand. Hawakungoja watu wengine wawaandikie habari za bibi zao. Wahusika wao huchanganya Kisamoa na Kiingereza kama nyumbani, na asiyejua Kisamoa anashika maana kwa macho. Tangu hapo tumeacha kumsumbua mwandishi atafsiri kila neno la Kimakonde au Kimwera. Tunamwomba jambo moja tu: msikilizaji asiyejua lugha ile ajue mhusika amekasirika au anatania.

Samoa wana vichekesho vyao vya jadi, fale aitu. Mchezaji anasema kama mzimu, kwa hiyo anaweza kumcheka hata chifu na asichukuliwe hatua. Nikajiuliza sisi tunahangaika kuiga tamthiliya za televisheni za nini, wakati tuna lipiko, mchezaji ngoma wa Kimakonde anayevaa kinyago akamwigiza bwana mkubwa mbele ya kijiji kizima, na tuna watani wanaomchambua marehemu msibani mpaka wafiwa wanacheka. Muulize mwandishi wako mapema: katika mchezo huu, nani ana ruhusa ya kusema asilosema mwingine?

Hapo tunafika kwenye jando na unyago, na ningependa mtu asipite haraka. Waandishi wetu wengi, hasa mabinti, wanataka kuandika habari hizi, na wana haki. Lakini ndani kuna mambo ambayo si ya kila sikio. Kabla ya kusoma hadharani, mwandishi aende kwa kungwi, aende na kilo ya sukari au doti ya kanga, akae chini, amsimulie onyesho hilo kwa mdomo. Asipeleke karatasi, karatasi inatisha. Binti mmoja wetu alikatazwa nyimbo na mafundisho ya ndani, akaruhusiwa siku ya kutoka na magomvi yote ya nje. Akahamishia onyesho uani: mama wa mwali anapepeta mpunga, ngoma inasikika kwa mbali, na kila ngoma inapobadilika mkono wake unasimama. Hatumwoni mwali kabisa. Ndilo onyesho lililowanyamazisha watu siku ya kusoma. Na kama kuna lipiko kwenye mchezo, asivuliwe kinyago jukwaani. Hilo hata usimuulize mtu.

Mambo ya karatasi yasikuchoshe. Mswada ni mali ya aliyeuandika tangu alipouandika, na kikundi kisijipe umiliki kwa sababu kilitoa chai. Kuusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunampa ushahidi siku ya ubishi. Kusomeana darasani ni jambo dogo, lakini mkitaka kuonyesha kwa watu, kuna BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kuna sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976, kwa hiyo anzeni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri mapema, si wiki ya onyesho. Mwenye jambo lililo tayari alifikirie pia MaKuYa, tamasha la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao hapa Mtwara, pale watu wameshakuja kwa ajili ya ngoma.

Kikao kikiisha, kopi zote zikusanywe apewe mwandishi, na maandishi ya pembeni yabaki yalivyo, hata ya matusi. Rasimu mpya mimi siipokei chini ya wiki tatu. Akija baada ya siku mbili, najua amefuata midomo ya watu, namrudishia na flashi yake.