Somo: Kuokoa sauti unapohamisha mikanda ya zamani ya kamera kwenye kompyuta

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyumba nyingi hapa kwetu zina ile mikanda midogo ya kamera za mkononi: harusi, maulidi, Sikukuu, watoto wakienda skuli siku ya mwanzo. Imekaa kabatini chini ya khanga miaka na miaka. Ukiihamisha, picha hutoka ya kuridhisha, ila sauti inanguruma, inakatika au haipo kabisa. Picha yenye chenga mtu huivumilia. Sauti ndiyo inayouma. Shangazi yangu aliponiletea mkanda wa harusi ya nduguye kutoka Chake Chake, hakuwa na shida ya kuona maua wala gauni. Alitaka kumsikia marehemu mama yake akimuombea dua bwana harusi, na ile dua haifiki hata dakika moja.

Hatua ya 1: Sikiliza kwenye kamera kwanza
Chomeka hedifoni kwenye kamera yenyewe, au iunganishe na televisheni kama haina tundu la hedifoni. Sauti ikiwa mbovu hapo, ubaya uko kwenye mkanda au kwenye kamera. Ikiwa safi hapo lakini kwenye kompyuta ni mbovu, basi tatizo limeingia njiani, na litaondoka bila ya programu yoyote. Nakuombeni msiiruke hatua hii. Mikanda mingi ninayoletewa hapa Michenzani kwa malalamiko ya sauti haina kasoro hata moja. Kasoro ilikuwa ya waya.

Hatua ya 2: Ujue mkanda wako
Kwenye mkanda wa aina ya VHS-C sauti ya kawaida imeandikwa kwenye ukingo wa utepe na husomwa na hedi (kile kichwa kinachosoma utepe) yake peke yake. Ukingo ukikunjamana, sauti inafifia hata kama picha ni nzuri. Video8 na Hi8 sauti husomwa na hedi zile zile zinazozunguka za picha, kwa hivyo mara nyingi huharibika pamoja, na ukisafisha hedi hupona pamoja. MiniDV ni ya dijitali: haina mvumo wa utepe, lakini hedi ikiwa chafu sauti hukatika vipande vipande au hutoa mlio mkali. Mkanda wa MiniDV uliorekodiwa kwa LP (mwendo wa polepole, ili mkanda uchukue muda mrefu zaidi), itafute ile ile kamera iliyourekodi, maana kamera nyengine mara nyingi hushindwa kuusoma vizuri.

Hatua ya 3: Koga (kuvu)
Hewa yetu ni ya bahari, ina unyevu mwaka mzima. Uangalie utepe kupitia kidirisha cha mkanda, chini ya mwanga. Ukiona unga mweupe au madoa kama utando, usiutie kwenye kamera. Koga itahamia kwenye hedi, na kutoka hapo itaingia kwenye mkanda utakaofuata. Mkanda wa aina hiyo mpelekee fundi anayejua kuufungua. Kama hauna koga ila una unyevu tu, wapo wanaouzika kwenye mchele ili ukauke. Msifanye hivyo, mchele una vumbi na vumbi linakwaruza utepe. Chukueni vile vifuko vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, mviweke pamoja na mkanda ndani ya kopo linalofungika kwa siku kadhaa. Ukishakauka, upeleke mbele hadi mwisho, uurudishe, kisha ndiyo ucheze.

Hatua ya 4: Waya
Waya wa kamera nyingi una pini moja upande mmoja na vichwa vitatu upande wa pili: cha njano ni picha, cheupe na chekundu ni sauti. Tatizo ni kwamba watengenezaji hawakuupanga mpangilio wa ndani ya pini kwa namna moja. Ukiazima waya wa kamera nyengine, picha inaweza kuingia kwenye njia ya sauti, ukasikia mlio kama wa nyuki. Dalili yake ni hii: mlio hubadilika kila picha inapobadilika, kwa mfano mtu akitoka kivulini na kuingia juani. Badilisha vichwa mpaka upate sawa. Kama kamera ina sauti ya upande mmoja tu, tumia cheupe, halafu nakili upande huo kwenda wa pili baadaye.

Hatua ya 5: Umeme
Mngurumo mzito usiobadilika, wa chini kabisa, huo ni umeme wetu wa Hz 50. Chomoa chaja ya laptopu, uendeshe kwa betri. Mara nyingi ukimya unakuja pale pale. Mngurumo ukibaki, kamera nayo iweke kwenye betri.

Hatua ya 6: Kurekodi
Kwenye programu ya kurekodi weka sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde. Zima maboresho yote ya maikrofoni kwenye Windows, kwa sababu yanadhani sauti ya mkanda ni mtu anaongea kwenye simu na huikata. Kilele cha sauti kisivuke -6 dB kwenye kipimo cha sauti cha programu. Usitumie tundu la maikrofoni la laptopu; mawimbi ya kamera yana nguvu kuliko linavyotegemea, na sauti itapasuka. Rekodi dakika tano, sikiliza, ndipo uendelee.

Hatua ya 7: Programu, mwisho kabisa
Natumia Audacity, programu ya kuhariri sauti. Kwanza nakili faili. Chagua sekunde moja ambayo hakuna anayeongea, ifanye mfano wa kelele, kisha punguza dB 6 mpaka 9, si zaidi. Ule mkanda wa shangazi mara ya kwanza nilipunguza kupita kiasi, na bibi akasikika kama anaongea ndani ya mtungi wa maji. Nilirudi kwenye nakala nikaanza upya. Kelele kidogo ikibaki nyuma ya sauti ya mzee wako, iache.

MASWALI

Mwenzetu wa Wete: Fundi, shukran. Mkanda wangu ni MiniDV, naingiza kwa FireWire, ule waya wa dijitali. Dakika ishirini za mwanzo sauti iko sawa, halafu inaanza kukimbia kama ya kasuku. Kuna na sehemu kimya kabisa.
Jibu: Ndugu yangu, katikati ya mkanda kamera ilibadilishwa kutoka biti 16 kwenda biti 12. Ya kwanza ni sampuli 48,000, ya pili 32,000, na programu haikugundua mabadiliko. Rekodi faili mbili, ukate pale pale inapobadilika. Kuhusu ukimya, biti 12 ina jozi mbili za sauti. Ingia kwenye menyu ya kamera, tafuta ST1 na ST2; kama imesogezwa ST2, unasikiliza jozi ambayo haikurekodiwa kitu.

Mwenzetu wa Makunduchi: Nina mkanda wa Hi8 wa Mwaka Kogwa, ile sherehe yetu ya mwaka mpya ya kupigana kwa migomba. Mwanzo sawa, mwisho wa saa nzima sauti inachelewa nyuma ya picha.
Jibu: Hapo una bahati, una alama nzuri ya kupimia: mgomba unapompiga mtu mgongoni. Pima pigo moja la mwanzo na moja la mwisho. Kama sauti inachelewa kidogo kidogo na mwisho inafika sekunde 2 ndani ya 3,600, ongeza kasi ya sauti kwa asilimia 0.056 na itakaa. Kama inaruka ghafla, kompyuta ilipoteza fremu (zile picha moja moja za video). Hapo usihangaike na hesabu, funga programu nyengine zote urekodi tena.

Dada wa Jang'ombe: Harusi yangu ilikuwa Januari 2010, ule wakati Unguja nzima haina umeme. Jenereta linasikika mwanzo mpaka mwisho. Nimejaribu kufuta Hz 50, haliondoki.
Jibu: Haliondoki, dada, kwa sababu jenereta dogo halikai kwenye 50. Wakiongeza taa injini inalemewa, mlio unashuka, wakizima unapanda. Kata kila kilicho chini ya Hz 100, kisha punguza kelele kwa vipande vya dakika moja moja, kila kipande na mfano wake. Ni kazi ya siku mbili tatu. Na hata baada ya hapo litasikika kwa mbali.

Mwenzetu wa Mkoani: Taarab, kamera ilikuwa karibu na spika. Sauti imepasuka kwenye mkanda wenyewe.
Jibu: Hiyo sitakudanganya, kilichopasuka wakati wa kurekodi hakirudi. Punguza sauti kidogo ili isiumize masikio. Lakini sikiliza baina ya nyimbo, spika zinaponyamaza: hapo kamera hupandisha sauti yenyewe, na utawasikia waliokaa karibu wakizungumza.